Maji ya Saa Nane

Pale Kengeleni maji yalikuja kama mwizi,
saa nane za usiku, siku asiyoijua mtu.
Kwanza mfereji ulikohoa,
ukatema hewa, ukatema kutu,
kisha uzi mwembamba, kisha kamba.
Mama alikuwa amekwisha kuamka kabla ya kikohozi.
Sijui nani alimwambia.

Mbeyu binti wa Rabai, leso kifuani,
madumu ya njano yamejipanga ukutani,
na ndoo, na birika, na sufuria ya pilau,
hata chupa ya dawa ya kifua aliijaza.
Na kwa kila dumu, aya moja.
Si kwa sauti ya kanisani,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji.
Likijaa, anaziba. Aya nyingine.

Nilimwuliza kwa nini.
Ilikuwa masika, mapaa yakimwaga bure.
Baba aliendesha winchi Kilindini,
mshahara tarehe ishirini na nane bila kukosa,
friji likinguruma kama paka aliyeshiba,
kuku tukila Jumatano, siku isiyo na sababu.
Akasema: Shika faneli.
Hilo ndilo fundisho lote alilonipa.

Bi Zuhura, ng'ambo ya ukuta, alicheka:
"Mbeyu, waogopa kiangazi, au wampenda Mungu?"
"Saa hizi," Mama akajibu, "naziba dumu."

Kisha ukaja mwaka wa winchi kunyamaza.
Baba alirudi na barua iliyokunjwa mara nne.
Mwezi wa tatu akaanguka bafuni,
upande mmoja wa uso ukateremka
kama pazia lililong'oka msumari.

Makadara, kitanda cha kumi na saba.
Feni ilizunguka, upepo haukuja.
Nilikifungua Kitabu kwa pupa
ya mtu anayetafuta funguo moto ukiwa mlangoni.
Herufi zilikuwa siafu,
zikipita, kila moja na safari yake.
Mstari mmoja nilisoma mara tisa,
ukabaki karatasi.

Mama hakufungua kitu.
Alilowesha kitambaa, akamfuta Baba midomo,
na midomo yake mwenyewe ikaanza kwenda.
Dumu la kwanza. Dumu la pili.
Mwendo ule niliujua:
nilisikia maji yakipanda shingoni mwa plastiki.

Sitadanganya kwamba aliimba.
Wiki ya sita alinyamaza siku nne nzima.
Nikaogopa, nikamwuliza: Yamekwisha?
Akanitazama kwa muda.
"Maji ya dumu yana ladha ya dumu, mwanangu.
Yakilala mwezi yananuka.
Mtu hayasifu.
Anakunywa."

Baba tulimzika kwao Taita,
udongo mwekundu, ukungu hadi magotini.
Mama alinawa mikono kwa kikombe kimoja,
akasema amina ya kawaida tu,
kama anayefunga mfereji.

Leo niko Bamburi, ghorofa ya tatu.
Kuna kisima, kuna pampu, kuna tangi juu ya paa.
Maji yangu hayakohoi.
Mke wangu mzima, kazi ipo,
Mbeyu mdogo juzi kang'oka jino la kwanza.
Sina ninachomlilia Mungu,
na hilo ndilo linaloniamsha.

Saa nane. Jikoni, taa sijawasha.
Aya moja. Nairudia taratibu hadi ijae.
Mara nyingi inamwagika:
nawaza karo, nawaza mpira, nasinzia,
naanza upya kutoka chini ya dumu.

Jana mtoto alinikuta,
macho nusu, pengo wazi.
"Baba, kuna nini?"

Hakuna kitu, nikamwambia.
Bado hakuna kitu.
Njoo. Shika faneli.